Kichaka cha Kulungu

Tangu sheria ya ukimya ipite, anayeishi kando ya msitu wa kulungu haruhusiwi kupaza sauti kupita mnong'ono, kulungu wasije wakashtuka. Bibi Namkunda alishaizoea. Hata ugomvi na mumewe, Mzee Kiangi, uliishia kwenye kicheko cha mabega tu.

Asubuhi hiyo walikuwa wakipunguza matawi kwa msumeno wa mkono, jua lipenye, majani laini ya kulishia kulungu yachipue. Mjukuu wao Nakijwa, aliyezaliwa hapo hapo baada ya sheria kupita, aliwabebea fito. Karibu nao, kulungu jike alikuwa akila na mwanawe.

"Tazama alivyonona," Mzee alinong'ona, akimfinya mkewe mkono. "Kazi yako hiyo, mama."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," Bibi akamnong'oneza, huku anatabasamu.

Mara Nakijwa akateleza, akaangukia miiba. Goti likatoka damu. Mtoto akaachama, machozi yakamchuruzika, lakini sauti haikutoka hata chembe.

Bibi akaingiwa na baridi moyoni.

"Lia, mjukuu wangu!" akapaza sauti, sheria akaisahau. "Lia, nikusikie!"

Kulungu na mwanawe wakashtuka, wakatimkia kichakani.

Nakijwa naye, ambaye hajawahi kusikia sauti ikipazwa, akashtuka kama wao, akatimka, akawafuata.