Nati ya Juu

Kaka mtu alikuwa amezitoa shokapu za nyuma za pikapu kuukuu ya baba yao bila taabu, akajiona fundi. Sasa alikuwa ameibana ya mbele kwenye jiliwa, imesimama wima, na spana iko kwenye nati ya juu.

Mdogo wake, mwanamke mwenye gereji, aliingia na chai akaona vibanio vya springi bado vinaning'inia ukutani.

"Acha hiyo nati. Za nyuma ni shokapu tupu. Hiyo imebeba springi iliyobanwa, na nati ndiyo imeizuia."

"Usinifundishe. Nimekubeba mgongoni."

"Kaka, nimesema acha."

Akazungusha makusudi huku akimtazama. Nati ikalia. Springi, nene kama kidole gumba, ikapukutisha kutu, naye akainama kuichungulia.

Hasira zikampanda mdogo mtu. Hakuwahi kumwinulia mkono mkubwa wake. Kofi lilimwangusha chali.

Nati ikafyatuka. Springi ikaruka na kifuniko chake cha chuma, ikatoboa bati la paa.

Kaka alishika shavu, akikodolea macho jua lililopenya tunduni na kuangukia pale kichwa chake kilipokuwa.

"Haya, nenda kamwambie mama nimekupiga."