Skrini Nzima

Kazi ya Elda ilikuwa kusoma ujumbe wa usalama kutoka Bujumbura. Hakuna dereva aliyetoka Rumonge kabla ya kumuuliza. Lakini mchezo wa magari aliokuwa akiucheza kazini ulikwamakwama kwenye kidirisha kidogo, kompyuta ya ofisi ikiwa kuukuu. Akaukuza ukajaza skrini nzima, na gari likateleza kama lililopakwa mawese.

“Dada Elda, njia iko muzuri?” dereva aliuliza mlangoni, lori lake la ndagala, dagaa wa ziwani, likinguruma nje.

“Hakuna habari mbaya. Nenda na amahoro,” alijibu bila kugeuza shingo.

Mbio zilipokwisha akaurudisha mchezo kidirishani. Pembeni mwa skrini palikuwa na ujumbe, uliofika kabla dereva hajauliza: Magari yasitoke. Wenye bunduki wameziba barabara ya Bujumbura pale Magara.

Akachungulia nje: lori lilikuwa limekwisha kuondoka.

Mke wa dereva akaingia na kikombe cha chai. “Murakoze, dada. Bila macho yako, mume wangu asingethubutu kutoka.”

Akakaribia meza. Kidole cha Elda kikabonyeza, na mchezo ukajaza skrini nzima tena.

“Kumbe unacheza,” mama yule akacheka. “Cheza, dada. Umechoka.”