Jina Kwenye Kadi

Muuzaji aliijaza kadi ya pikipiki bila kuuliza, kisha akampa Kapera, shemeji yake Bi Nyamizi, aliyekuja kumsindikiza tu. Bi Nyamizi aliichukua, akaisoma polepole, akairudisha mezani.

"Umeandika jina la shemeji yangu. Mnunuzi ni mimi."

"Mama, pikipiki hii ni ya safari ndefu, nzito kama ng'ombe. Nilidhani shemeji ndiye mwendeshaji."

"Shemeji," Kapera alinong'ona, "jina langu lingekupunguzia maneno ya watu."

"Maneno hayo yatanikuta wapi, shemeji? Nitakuwa nimeshafika mbali." Akamgeukia muuzaji. "Andika nyingine. Nyamizi binti Salu. Nitasubiri."

Wino wa kadi mpya ulipokauka, aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, akapanda pikipiki iliyokuwa imeegemea stendi yake. Miguu yake iligusa ardhi kwa ncha za vidole. Wanaume watatu wa dukani walikimbia kuishika pikipiki isimwangukie.

"Iacheni."

Walirudi nyuma hatua moja, mikono yao ikiwa bado imenyooshwa. Bi Nyamizi akakaza magoti, na pikipiki ikaanza kuinuka taratibu kutoka ilikoegemea.