Neno la Mtego

"Jalada litakuwa na jina moja tu?" mhariri aliuliza, kalamu yake ikibaki hewani.

"Moja tu," alijibu Mwalimu Kamusi. "Langu."

Jina la Kamusi alibandikwa na wanafunzi enzi zile alipokuwa akifundisha Kiingereza, likamganda hata baada ya kustaafu. Lilimpendeza mno. Leo alikuwa ndani ya suti ya kijivu, ile ya harusi na misiba, kwa sababu kitabu kilikuwa kinakwenda mtamboni: kitabu kinene, kinachoeleza kwa Kiswahili maana na asili ya maneno ya Kiingereza. Yalibaki mambo madogo madogo na kutia sahihi. Siku hii aliingoja tangu kichwa chake kilipokuwa na nywele.

Jambo moja tu lilikuwa limemtia nyongo. Asubuhi binti yake alikataa kumleta.

"Mtie na mama kwenye jalada," alimwambia, amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. "Hata kwa herufi ndogo, baba. La sivyo, nenda mwenyewe."

"Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga taipu. Umeona wapi mpiga taipu akiwekwa kwenye jalada?"

Binti alimtazama, akautundika ufunguo ukutani, akaingia ndani. Basi mzee wa watu akaja kwa miguu juani, suti na yote, akinung'unika njia nzima kwamba watoto wa siku hizi hawana shukrani.

Mhariri alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani yake ikining'inia kifuani. Alilifungua rundo la karatasi lililokuwa mbele yake.

"Hili la *rival* limenifurahisha," alisema. "Kwamba mahasimu, mwanzo wake, ni watu waliokuwa wakitumia kijito kimoja. Ulilipata wapi?"

"Utafiti, binti yangu. Utafiti tu."

"Na *muscle*? Kumbe msuli, kwa asili yake ya Kilatini, ni kipanya."

"Yote yamo humo humo," alisema Mwalimu Kamusi, akizipungia mkono karatasi. "Soma tu, utayaona."

"Mkeo alikusaidia sana?"

"Alipiga taipu, chai akaleta. Wanawake wa zamani walikuwa na subira." Akacheka kidogo. "Ila na mimi nilivumilia. Meza ya kulia ilijaa vikaratasi vyake mpaka tukawa tunakula tumepakata sahani. Nikitoka kwenye bao jioni namkuta papo hapo, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nilimwambia hayo macho atayaua. Hakunisikia."

Mhariri hakucheka. Mzee aliona kwamba huyu ni mtu mkavu, akakumbuka wiki ya mwisho ya marehemu. Alikuwa amelala kitandani, mwepesi, hajiwezi, na rundo hili hili limefungwa kamba juu ya kiti. "Umeshalisoma lote?" mkewe alimwuliza. "Neno kwa neno," mzee alimjibu. Mama wa watu akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi ainuliwe na kupigwapigwa mgongoni. Mwalimu Kamusi alidhani ni homa.

"Kuna kitu kimoja kimebaki," alisema mhariri. "Neno lako la mtego."

"La mtego?"

"Watunga kamusi wengi hulitega. Mtu anabuni neno lisilokuwepo popote duniani, anaandika na maana yake, halafu analichomeka katikati ya maneno ya kweli. Mwizi akija kunakili kitabu, analibeba na hilo. Hapo ndipo anaponaswa."

Mwalimu Kamusi alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo. Lakini mtu aitwaye Kamusi haulizi.

"Ah, hilo," alisema. "Hilo lazima."

"Umetega lipi?"

Jasho likamchuruzika ndani ya kola. "Sasa nikikutajia, utakuwa mtego gani tena?"

"Nauliza ili tusije tukalifuta kwa bahati mbaya. Msahihishaji wetu amekuta neno ambalo halimo kwenye kamusi yoyote ya Kiingereza tuliyo nayo. Amelitafuta mpaka amechoka." Akaivaa miwani yake. "*Tolvern*."

Mzee alishusha pumzi. Mungu si Athumani. "Hilo hilo," alisema.

"Ulilibuni mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

"Na maelezo yake pia?"

"Herufi kwa herufi."

"Mkeo hakutia neno lake hata moja?"

Hapo akakereka. Asubuhi binti, sasa huyu. Walikuwa wameambiana? "Sikiliza, mama," alisema, "marehemu alikuwa akinakili nilichompa. Ukimwuliza asili ya neno, alikuwa haijui hata ya jina lake mwenyewe. Tusimsumbue kaburini. Nipe nitie sahihi."

Mhariri aliiweka kalamu chini. Alichomoa ukurasa mmoja kutoka kwenye rundo, akauzungusha, akamsogezea taratibu mpaka ukagusa vifungo vya suti.

"Kabla ya sahihi, nisomee, Mwalimu," alisema. "Kwa sauti."

Mwalimu Kamusi alipapasa mfukoni, akavaa miwani, akakohoa kidogo kama alivyozoea kufanya mbele ya darasa, akaanza kusoma:

"*Tolvern*, nomino. Mume anayeweka jina lake juu ya kazi ya mkewe bila hata kuisoma. Asili: nyumbani kwetu."