Pembetatu ya Chelewa

Mwantumu hakuwa na rula, bikari, wala mtu nyumbani wa kumfundisha hesabu. Mtihani huu wa kufunga mwaka ndio ungemwingiza sekondari, naye akaacha wazi swali la mzingo wa pembetatu.

“Limekushinda, binti?” akauliza Mwalimu Chambo alipokuwa akisahihisha karatasi yake.

“Pembetatu hiyo haipo, mwalimu.”

Akachomoa chelewa tatu kwenye ufagio wa darasa, akazikata kwa vipimo vya swali, kidole badala ya sentimita: vidole vitatu, vinne, na tisa. Mwalimu akazisogeza huku na huku mezani, ncha hazikukutana.

“Wenzako wote wamejumlisha tu, nami nimewapa vema!”

“Hawakujaribu kuijenga.”

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Akamwandikia barua mkuu wa sekondari, akazitia chelewa ndani, akalamba gundi. Bahasha ikaenda posta ikiwa imevimba ubavu mmoja.