Mlio wa Pijo

Bibi Nakijwa hakumlaumu mumewe. Mzee Elinihaki alikuwa amesahau hata majina ya wanawe, lakini kila asubuhi aliketi ndani ya Pijo yake, gari kuukuu la petroli, akaiwasha, na mlio wa injini ulipotulia ndipo alipokubali kulishwa uji. Jana aliamua kukaza plagi ya injini mwenyewe. Aliiingiza ikiwa imepinda, akakaza kwa nguvu za ujana, meno ya tundu yakasagika.

"Ni kazi ndogo, mama," alisema fundi Mbwambo. "Napanua tundu, naweka bushi, kipete cha chuma chenye meno mapya."

Akapaka grisi kwenye ncha ya keekee yake ya kutobolea chuma ili unga wa chuma usidondokee ndani ya injini. Bibi akaupenda uangalifu ule. Lakini siku hizi vifaa hutii sheria kabla ya mwenye kifaa, na sheria ilikataza kutengeneza injini za petroli, ziachwe zife zenyewe. Keekee ikagoma kuzunguka.

"Injini hii imekufa," ikasema kwa upole. "Poleni."

Ndani ya gari mzee alizungusha ufunguo, akazungusha tena. Hewa ilipiga mluzi tu kwenye tundu. Uji ulikuwa unapoa.

"Haliwaki, Nakijwa," akaanza kulia.

"Jaribu tena, baba!" Mbwambo akaita. Akainama chini ya boneti, akaunguruma kwa mdomo, taratibu, kama Pijo inayoamka.

Mzee akatega sikio, akatabasamu. "Plagi moja haichomi," akasema, akafungua kinywa. Bibi akawahi kumtilia kijiko cha uji.

Juu ya betri ya gari, fundi alipoiweka, keekee ikawasha taa nyekundu.

"Injini hii imekufa," ikasema. "Ni nani anayeunguruma?"