Posa Kutoka Maputo

Kwa amri ya serikali, kila mtu alivaa mkalimani sikioni. Kidude hicho kilitafsiri lugha zote na kulainisha kila neno kali, hata la watu wa nyumba moja, ili pasiwe na ugomvi.

Siku wageni wa Maputo walipokuja Tanga kumposa Zuhura, mama yake, Bi Mwanahamisi, alichomoa chake kimyakimya chini ya mtandio. Chuoni alisoma Kireno, na ndugu zake walimcheka kwamba amepoteza miaka bure.

Shangazi wa kijana aliyeposa alimgeukia mpwa wake akitabasamu. "Tukishavuka mpaka, mnyang'anye pasipoti," alisema kwa Kireno. "Kwao asirudi tena."

"Umesikia? Watamtunza kama binti yao," Mzee Shebughe, baba yake Zuhura, alimnong'oneza mkewe, machozi yakimlengalenga.

Bi Mwanahamisi aliliweka chini birika la kahawa. Akamwinamia mumewe. "Baba Zuhura, usikubali. Wanataka kumfungia mtoto wetu. Nimewasikia mwenyewe."

Mzee Shebughe alisubiri kidude chake kimalize kusema sikioni. Kisha akamshika mkono kwa upole.

"Hata mimi nimewapenda, mke wangu," akasema, akawageukia wageni ili Fatiha ya kukubali posa isomwe.